Gomesi ni vazi la nani, na bega lake linasimamishwaje?

mshonaji_busia

Habari zenu wakubwa. Mimi ni fundi mdogo hapa Busia upande wa Uganda, nina cherehani ya miguu kwenye baraza la duka la simu. Kazi yangu kubwa ni sare za shule na kupunguza nguo za mivumba, yaani mitumba. Juzi mama mmoja ameniletea hariri laini, ile inayoteleza, anataka gomesi, lile gauni refu la kina mama lenye mabega yaliyochongoka na mkanda, ya kuvaa kwenye kwanjula ya binti yake, ile sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi. Gomesi nimezitia pindo na vifungo, lakini kuikata tangu mwanzo sijawahi.

Nisaidieni mawili. Nataka mabega yasimame na yaendelee kusimama hata baada ya kufuliwa. Halafu kuna ubishi hapa barazani. Fundi mwenzangu wa ng'ambo ya mpaka anasema hilo ni gauni la wamisionari tu, wala si letu. Mama mwenye kitambaa anasema ni vazi la mababu. Nani anasema kweli?

fundi_mzee_jinja

Karibu kazini, binti yangu. Ufundi nilifundishwa na baba, naye alijifunza barazani kwa Mhindi hapa Jinja, Main Street. Mhindi anauza kitambaa ndani, fundi anakaa nje na cherehani, mteja akitoka na mita zake anapimwa hapo hapo. Miji yetu mingi ilivishwa hivyo.

Huo ubishi, kila mmoja ameshika kipande. Mwaka 1905 wamisionari wa CMS, lile shirika la Waanglikana, walifungua shule ya wasichana Gayaza. Kabla ya pamba kuenea, wanawake wa Buganda walijifunga lubugo, lile gome la mti wa mutuba linalogongwa mpaka lilainike. Inasimuliwa kwamba shule ilitaka nguo ambayo msichana akiinama shambani haimfunguki, na kazi hiyo wakapewa mafundi wa Kigoa, watu wa asili ya Goa kule India, akina Gomes. Jina la vazi limetoka kwao. Basi mwenzako ana haki kusema wamisionari wamo. Lakini sare ya shule haiwi vazi la heshima kwa sababu ya shule. Mwaka 1914, Kabaka Daudi Chwa, mfalme wa Buganda, alipotawazwa, mkewe Irene Drusilla Namaganda alivaa gomesi, na baada ya hapo wanawake wakaitaka wenyewe, kwanza Buganda, halafu Busoga kwetu na kwingineko. Anayemwambia huyo mama kwamba si vazi lake anamkosea. Nimeshonea bibi, binti na mjukuu wa nyumba moja, na hakuna hata mmoja aliyekuja kwangu kutafuta nguo ya mmisionari.

Wagoa na Wahindi nao wasisahaulike. Agosti 1972 Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke. Nilikuwa kijana, nakumbuka maduka yaliyofungwa. Cherehani ya baba ilibaki, ila vitambaa viliadimika, na uzi ukawa wa magendo. Wanawake walileta gomesi kuukuu, baba anazifumua mshono kwa mshono, anageuza upande wa ndani ambao rangi haijapauka, anashona upya. Uzi aliofumua hakuutupa. Aliuviringisha kwenye kijiti, na sisi watoto kazi yetu ilikuwa kuunganisha vipande. Ndiyo maana mpaka leo siwezi kuvumilia fundi anayechezea kitambaa cha mtu.

Sasa bega. Wengi wanafikiri siri ni kujaza vitu ndani. Siri iko kwenye kukata. Mshono wa bega uishie juu ya mfupa, au ndani yake kidogo. Ukiuacha ushuke kwenye mkono, ncha italala hata ukiweka ubao. Kichwa cha mkono ukikate kirefu na kipana kuliko tundu la kwapa, ile ziada uikunje marinda juu kabisa, yakielekeana kwenye ncha ya bega. Chini yake tia kile kitambaa kigumu tunachoweka kwenye kola, lakini kwanza kiloweke na ukikaushe. Kisipoloweshwa kabla, kitasinyaa siku ya kufuliwa na bega litajikunja. Piga pasi marinda kabla ya kuunganisha mkono na mwili, maana baadaye pasi haifiki.

Na umpime mama akiwa amejifunga kikoyi! Gomesi huvaliwa na kikoyi ndani ili hariri isigande mwilini, na kinaongeza nyonga. Mafundi wengi hupima juu ya sketi, halafu siku ya sherehe nguo inabana pale mkanda unapokaa.

kanzu_kibuli

Mzee amesema kweli, mimi naongeza la wanaume, maana kwenye hiyo kwanjula watakuwepo na kanzu zao. Kanzu ililetwa na wafanyabiashara Waarabu na Waswahili kutoka pwani. Walifika kwa Kabaka Suuna II mwaka 1844, na mizigo ya misafara ilijaa merikani, ile pamba iliyofumwa Marekani na kupitia Zanzibar. Waganda wakaitia darizi yao ya rangi ya damu ya mzee inayoshuka kutoka shingoni, wakavaa na koti juu. Huyo mwenzako wa barazani mwulize kama naye anakataa kanzu.

mama_kiyembe

Dada, mimi nashona Kampala, Kiyembe. Kwa hariri inayoteleza, tandika magazeti sakafuni, laza kitambaa juu yake, bana kwa pini na ukate pamoja na karatasi. Sindano iwe mpya, namba 11. Ya namba 16 unayoshonea sare itavuta nyuzi. Jaribu kwenye kipande kwanza, ukiona mshono unakunjamana, legeza uzi wa juu. Vifungo ni viwili, upande wa kushoto, usimruhusu mtu akuambie vitatu. Kuhusu mkono sikubaliani sana na mzee: kwa mama mwenye mabega mapana mimi napunguza urefu wa ile ncha, vinginevyo shingo inapotea. Kitambaa alicholeta ni mita ngapi?

mshonaji_busia

Asanteni sana, wakubwa. Kitambaa ni mita nne, na mama ni mnene.

mama_kiyembe

Usikate. Gomesi nzuri inaweza kufika mita sita, na kwa mwili huo zitahitajika. Mwambie leo hii aongeze kabla rangi hiyo haijaisha dukani. Akishindwa, mkanda unaweza kutoka kitambaa kingine kinachooana nayo, wengi wanapenda hivyo. Ila mwili na mikono vitoke kwenye jora moja.

fundi_mzee_jinja

Namuunga mkono. Na usipokee malipo ya awali mpaka hizo mita ziwe mezani kwako.