Tupeane uzoefu: Mnaoshika seva na mitandao Mtwara na Lindi, kazi zenu zinakwendaje?

Mwanzisha uzi, Mtwara mjini

Wadau, habari za kazi.

Nimeuanzisha uzi huu kwa ajili ya vijana wanaomaliza vyuo na kupangiwa kazi za TEHAMA huku kusini. Wengi wakifika wanakuta ofisi nzima ina mtu mmoja wa kompyuta, na mtu huyo anawakabidhi funguo na kuhama wiki hiyo hiyo. Kuanzia hapo seva, ile kompyuta kuu inayohudumia nyingine, ni yako, printa ni yako, kamera za getini ni zako, na projekta ya kikao cha mkurugenzi nayo ni yako. Naomba tusimulie yale ambayo hayamo kwenye cheti.

Naanza mimi. Ofisi yetu iko upande wa Shangani, karibu na bahari, na hewa ya chumvi inakula chuma. Kompyuta inaletwa nzima, baada ya masika inaanza kupiga milio na kioo hakionyeshi kitu. Wenzangu wanasema imekufa, iagizwe nyingine. Nafungua kasha, natoa remu, kile kibao cha kumbukumbu, nakuta miguu yake imefifia, haina tena ule mng'ao. Naisugua taratibu kwa kifutio cha penseli, napuliza mabaki, nairudisha mpaka vishikizo vya pembeni vilie ta, nawasha. Mara nyingi inawaka, na ofisi inaokoa fedha ya mashine nzima.

Jingine ni mijusi. Pawasapulai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, ina vuguvugu usiku, mjusi anaingia kwenye tundu la feni na kutaga humo humo. Akigusa pasipogusika, shoti, na mashine inakwenda naye. Nimeweka wavu mwembamba kwenye matundu, na vumbi lake nalifuta kila Ijumaa maana ukiziba hewa haipiti.

Nyie je?

Mdau wa Masasi

Mkuu, asante kwa uzi. Mimi niko kwenye mambo ya korosho, kwa hiyo mwaka wangu una miezi miwili mitatu inayobeba mingine yote. Minada ikianza Oktoba, hakuna likizo wala msiba wa mbali.

Watu wanadhani stakabadhi ghalani, ule utaratibu wa mkulima kuweka mazao ghalani na kupewa risiti mpaka yauzwe, ni magunia na mizani. Nyuma yake kuna majina. Mkulima akipeleka mzigo AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, uzito unaandikwa, unasafiri mpaka ghala kuu, unauzwa, halafu fedha inamfuata kwenye akaunti. Jina kwenye orodha likiwa Hadija na benki ikawa na Khadija, malipo yanagoma. Saidi na Said, Mohamedi na Muhammad, ni hivyo hivyo. Kwa hiyo kabla ya msimu naomba orodha mapema, natengeneza programu ndogo inayotoa majina yanayokaribiana lakini hayalingani, kisha makarani wanakwenda kijijini kuuliza wenyewe. Mashine isiruhusiwe kusahihisha jina la mtu peke yake. Kuna kina Hadija wawili nyumba moja, shangazi na mpwa.

Msimu uliopita alikuja bibi mmoja, stakabadhi ameifunga kwenye pindo la khanga. Akaifungua kwenye meza yangu, ikiwa imekunjwa mara nyingi mpaka namba zimefutika kwenye mikunjo. Nikamwambia shikamoo bibi, kaa hapo. Nilitafuta kwa kilo na tarehe ya kupokea mzigo, maana namba haikusomeka, nikaupata. Fedha yake ilikuwa imerudishwa na benki kwa ajili ya herufi moja. Vijana mnaokuja, jueni kwamba ukifanya uzembe kwenye jedwali, kuna mtoto hatapelekwa shule Januari. Kazi hii ina uzito huo.

Dada wa Lindi

Hamjambo wote. Mimi niko hospitali, sitaitaja. Usiku simu ikiita najua ni sista wa zamu: mfumo umeganda, wagonjwa wamejaa mapokezi. Nimefanya mambo mawili yaliyonisaidia. Kwanza, kila dirisha lina bahasha ya fomu za karatasi zenye visanduku vilivyopangwa sawasawa na vya kwenye mfumo. Mtandao ukigoma, huduma inaendelea, asubuhi karani anaingiza bila kukisia.

Pili ni nywila. Nilikuta wodi nzima inatumia akaunti moja, nywila imebandikwa chini ya kibodi. Taarifa za mgonjwa zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, kwa hiyo hili si la kufumbia macho. Lakini kabla ya kukaripia nilikaa wodini zamu moja nikaangalia. Kuingia kwenye akaunti kulichukua muda mrefu kiasi kwamba nesi mwenye mgonjwa anayetoka damu asingeweza kusubiri. Nikabadilisha diski za mashine zile, kuingia kukawa kwepesi, ndipo nikampa kila mtu nywila yake. Karatasi za chini ya kibodi ziliondoka bila ugomvi.

Mdau wa Kilwa

Mimi nawakumbusha Mei 2024. Kimbunga Hidaya kilifika pwani yetu tarehe 4, mvua ikakata barabara kuu upande wa Somanga. Mzigo wangu wa betri za UPS, kile kifaa kinachoshikilia umeme ukikatika, ulikuwa unatoka Dar, ukakwama. Kabla wiki mbili hazijaisha, tarehe 12, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zikakatika, na intaneti ikayumba nchi nzima.

Ofisi ambazo kila kitu chake kiko mtandaoni zilikaa bila kazi. Sisi tulikuwa na seva ndani ya jengo, mafaili na uhasibu viko hapo, tukaendelea kwa waya wetu wa ndani. Tangu hapo msimamo wangu ni mmoja: kwa huku kusini, kinachohitajika kila saa kikae karibu, mtandaoni iende nakala.

Na betri, wadau. Zile za asidi zimepimwa kwa joto la nyuzi 25. Joto likizidi kwa nyuzi 10 hivi, umri wake unashuka kama nusu. Ukiweka UPS kwenye stoo ya mabati halafu ukalaumu mtengenezaji, unaionea.

Kijana wa Newala

Shikamooni wakubwa. Ndio nimeripoti kazini mwezi huu. Nimekuta nakala ya data iko kwenye diski iliyo juu ya seva yenyewe. Intaneti yetu ni ya taratibu, kupandisha data yote mtandaoni haiwezekani. Nifanyeje?

Mwanzisha uzi, Mtwara mjini

Marahaba, karibu sana kazini. Nakala ikikaa juu ya seva, moto au mwizi anachukua vyote kwa pamoja. Utaratibu unaotumika duniani ni nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikae nje ya jengo. Kama mtandao haubebi, gari litabeba. Tafuta diski mbili za nje. Moja iwe kwenye seva, nyingine kwenye kabati la tawi lenu jingine, mnabadilishana kila gari la ofisi linapokwenda. Data isimbe kwanza, yaani uifunge kwa nywila asiyeijua asiweze kuisoma, kabla diski haijapanda gari.

Halafu kila mwezi chukua faili moja kutoka kwenye diski hiyo ulirudishe kwenye mashine tupu, ulifungue na ulisome. Wengi wanaruka hapo.

Seva yenu ni Windows au Linux? Nikijua, jioni nakuandikia hatua zote hapa hapa, wengine nao wazipate.

Kijana wa Newala

Ni Linux, mkuu. Diski moja ya terabaiti mbili ninayo, ya pili naiombea kwenye bajeti ya robo ijayo.

Mdau wa Masasi

Usisubiri robo ijayo. Ninayo moja haitumiki, nzima kabisa. Mwambie dereva wenu akipita Masasi anipigie, namba nakutumia faragha.