Narudi chuo Tabora, pumzi hakuna

Wakuu, mwaka wa pili unaanza Jumatatu. Mimi ni mkimbiaji wa mita 1500. Likizo nzima nipo Ujiji na ugali kwa samaki, migebuka, mazoezi sifuri. Jana nimejaribu kupandisha mlima wa Mwanga, Kigoma mjini, kutoka stesheni ya treni. Nusu ya mlima nikakaa juu ya jiwe, muuza karanga ananicheka. Kocha anatupima wiki ya kwanza. Nifanyeje?

> Mwambie ukweli mapema, mdogo wangu. Mimi nilijikausha, msuli wa paja ukachanika, mwezi mzima nafulia wenzangu jezi.

> Alfajiri dakika 30, mwendo ambao bado unaweza kuongea. Saa iache bwenini.

> Filbert Bayi, Mtanzania mwenzetu, 1974 alikimbia mita 1500 kwa dakika 3:32.2. Migebuka alikula lini?

Bayi muache. Nimefunga kilo mbili za kukaanga kwenye begi.