Siku 3 za skii bila gari: Zermatt, Chamonix au St. Anton?

Theluji_Mpya
Wakuu, tuko wanne. Usiku 4, siku 3 kamili za kuteleza kwenye theluji, katikati ya Januari. Wawili wanashuka njia nyekundu (za ugumu wa kati) bila shida, mmoja anaishia za bluu (zilizo rahisi), wa nne hajawahi kuvaa skii. Hatukodi gari. Nimebakiwa na majina hayo matatu: Zermatt ya Uswisi, Chamonix ya Ufaransa na St. Anton ya Austria. Naomba hasa muda wa safari na mahali pa kumweka huyo anayeanza.

Telemka
Kwa siku 3, sahau idadi ya kilomita za njia, hamtazimaliza hata robo. Hesabu saa zinazopotea.

Chamonix ndiyo karibu zaidi: kutoka uwanja wa ndege wa Geneva ni saa 1 na robo hadi 1 na nusu kwa basi dogo la kuchangia. St. Anton kuna treni ya moja kwa moja kutoka stesheni kuu ya Zurich, saa 2 na dakika 20 hivi, au kutoka Innsbruck saa 1 na robo. Stesheni iko mjini na lifti za kupandia mlimani mnazifikia kwa miguu. Zermatt ni kama saa 3 na nusu kutoka uwanja wa ndege wa Zurich, mnabadilisha treni Visp. Magari ya kawaida hayaingii Zermatt, wenye nayo huyaacha Täsch na kumalizia dakika 12 kwa treni. Kwenu ninyi wa treni hilo halina uzito.

Mtego ni saa ya kutua. Mkitua Zurich saa 10 jioni, Zermatt mtaingia usiku na duka la kukodi vifaa limeshafungwa. Asubuhi ya kwanza yote itaishia kwenye foleni ya buti, na katikati ya Januari lifti nyingi zinasimama kati ya saa 10 na 10 na nusu jioni. Hapo siku 3 zimekuwa 2 na nusu.

Bonde_la_Arve
Naongezea kuhusu Chamonix, maana wengi hudanganywa na ramani. Si eneo moja. Brévent na Flégère zimeungana, lakini Grands Montets, Balme na Les Houches kila moja iko kivyake bondeni, na kati yake mnapanda basi au treni. Anayeanza anafaa Vormaine, pale Le Tour, mwisho kabisa wa bonde, kilomita 12 hivi kutoka mjini. Wenzake wakiwa Brévent, chakula cha mchana pamoja msahau.

Na ile njia ya Vallée Blanche inayoanzia kilele cha Aiguille du Midi, mita 3,842, isiwatie tamaa. Ni kama kilomita 20 juu ya barafu yenye nyufa, haina alama wala doria. Bila kiongozi wa milima aliyeidhinishwa, msiiguse.

Bluu_Tu
St. Anton kwa kundi hili mimi siiungi mkono. Nasserein, mtaa wa palepale, pana sehemu nzuri ya kujifunzia, sikatai, ila bluu za pale zingepakwa nyekundu kwingineko. Halafu jioni wote wanashuka mjini kwa njia zilezile. Theluji imeshachimbika vichuguu, na huyo wenu wa bluu atashuka akiwa amechoka katikati ya watu wanaokwenda kasi. Wangekuwa wote wa nyekundu, ningeichagua ya kwanza.

Telemka
@Bluu_Tu kweli. Ndiyo maana kwa mchanganyiko huu naona Zermatt, pamoja na ughali wake. Anayeanza anapanda treni ya handaki hadi Sunnegga, mita 2,288, anajifunzia palepale juu, na akichoka anarudi kwa treni hiyohiyo. Halazimiki kushuka kwa skii. Wenzake wako jirani, wanaweza kumpitia mchana.

Tahadhari moja: pasi ya lifti inayofika Cervinia, upande wa Italia, msiilipie siku zote 3. Upepo ukivuma, lifti za juu zinafungwa. Nunueni siku moja baada ya kuona utabiri, na mgeuke mapema. Mkikosa lifti ya mwisho ya kurudi, kuzunguka kwa barabara ni mwendo wa saa kadhaa.

Theluji_Mpya
Nimeelewa. Bima ya viza ya Schengen inatosha?

Bonde_la_Arve
Usiitegemee. Kiwango cha chini ni euro 30,000 za matibabu ya dharura, lakini nyingi haziingizi michezo ya theluji. Soma kama imeandikwa skii, uokoaji wa helikopta, na kuteleza nje ya njia zenye alama. Viza yenyewe inaombwa kwa nchi mnayolala usiku mwingi: mkitua Geneva na kulala Chamonix, ni Ufaransa, siyo Uswisi. Maombi yapelekwe si chini ya siku 15 kabla ya safari.

Fundi_Buti
Siku ya kwanza huharibiwa na buti kuliko kitu chochote. Dukani, toa kiatu cha ndani, ingiza mguu kwenye ganda tupu, vidole viguse mbele kidogo: nyuma ya kisigino ibaki nafasi ya sentimita 1.5 hadi 2. Ikizidi hapo, ni kubwa. Soksi moja nyembamba. Mbili zinabana damu na miguu inaganda. Kifungio, kile kinachoshikilia buti kwenye skii, hupangwa kwa uzito, urefu, umri, uwezo na urefu wa soli, ule ulioandikwa kwa milimita ubavuni mwa buti. Ukipunguza uzito wako kwa aibu, skii itachomoka kwenye kona. Ukijiita mtaalamu, haitachomoka ukianguka, na goti ndilo litakalolipa.

Anayeanza achukue skii inayofika kati ya kidevu na pua. Kabla ya kukanyaga, akwangue theluji chini ya soli. Ikigandamana pale kisigino, kifungio kinalia "tak" kama kimeshika, kumbe hakijashika.

Usiku buti mzikaushe kwenye chumba cha buti cha hoteli, si juu ya hita, na mfunge vifungo kilegevu ili ganda lisipanuke. Asubuhi mzivae zikiwa bado na joto; plastiki ikishapoa hata kuingiza mguu ni ugomvi.