Taa ya Gallé kwa euro 1,100, nichukue au napigwa?

Mnyamwezi wa Metz
Wakuu habari zenu. Niko huku mashariki mwa Ufaransa, na toka nianze kwenda pale makumbusho ya École de Nancy, lile kundi la mafundi sanaa wa mji wa Nancy, zile taa za vioo za zamani zimeniteka kabisa. Sasa soko la vitu vya kale mtaani kuna mzee anauza taa ya mezani, mguu na kofia vyote kioo, njano iliyofifia na maua ya zambarau yametokeza juu yake, imeandikwa Gallé na kinyota kidogo mbele ya jina. Anataka euro 1,100, anasema ilikuwa ya bibi yake. Hicho kinyota ndo nini? Na bei je?

Bwana Kiwanja
Si kama milioni tatu hizo 😂 mkuu kwa taa?? Huku Chanika hiyo ni hela ya msingi na tofali zake.

mama_vioo
Muacheni kaulizia taa. Mdogo wangu, Émile Gallé, yule fundi vioo wa Nancy, alifariki 1904, kinyota ni cha vitu vilivyotoka kiwandani kwake baada ya hapo, kwa hiyo chenyewe si tatizo, kiwanda kiliendelea hadi miaka ya 1930. Kinachonitia wasiwasi ni bei, maana taa yake ya kweli yenye mguu na kofia yake mnadani ni maelfu kadhaa, sasa mtu wa jirani na Nancy hajui hilo?

Usiangalie jina, angalia ua. Kioo kile ni rangi juu ya rangi, mchoro unafunikwa asidi isiupate, halafu asidi inakula palipobaki wazi, wanafunika tena, inakula tena. Kwahiyo taa ikiwaka petali moja utaiona zambarau iliyoiva, pembeni nyepesi, ukingoni karibu inaingia kwenye njano, na ukipitisha kucha unahisi ngazi ndogondogo. Kopi nyingi ua ni giza moja tu. Halafu kuna kopi za Romania zinaandikwa Gallé na pembeni TIP, yaani "aina ya" kwa Kiromania, wajanja wanasaga hiyo TIP wanauza kama halisi. Chungulia pia tundu la waya, kuna watu wanatoboa chombo cha maua wanakiita taa.

fundi_swichi
Waya ukiwa ule wa zamani uliovishwa kitambaa usichomeke ukutani hata kujaribu, ganda lake huwa linapukutika. Badilisha waya tu, vyuma na holda ya mwanzo usitupe, tunza hata kwenye bahasha, atakayenunua kwako ataviulizia. Balbu weka LED, za zamani zinachemsha kioo.

Mnyamwezi wa Metz
Nimerudi kwa mzee. Ua ni giza moja kama alivyosema dada, na baada ya jina pana sehemu inateleza kuliko kwingine kote. Nikamuuliza tena historia yake, safari hii ilikuwa ya shangazi yake 😅

mama_vioo
Hahaha ukoo mkubwa huo. Kitu kingine, hapo Ufaransa kuna sheria ya 1981, ukidai risiti muuzaji lazima akupe na aandike anauza nini. Akiandika Gallé bila kuongeza neno amejifunga. Akiandika "style Gallé" (mtindo wa Gallé) au "dans le goût de" (kwa kufuata ladha ya) hajakuhakikishia kitu.

Mnyamwezi wa Metz
Nimemuomba, eti karatasi zimemwishia. Basi. Sasa ya kuanzia nitafute nini, Daum, wale watengeneza vioo wengine wa Nancy?

mama_vioo
Daum ya kweli nayo ina bei, jina lao linakuwa na msalaba wa Lorraine, ule wa mikono miwili, na huo pia unafojiwa. Anza na Muller Frères wa Lunéville, au Le Verre Français ya Charles Schneider, vitaa vidogo vya kando ya kitanda vinapatikana, na nenda minadani uvishike kwa mkono, siku za maonyesho hawakutozi kushika.

Mnyamwezi wa Metz
Kuna ya Muller nimeiona 250, ila juu ya kofia pale inapokaa pete ya chuma pana jeraha.

mama_vioo
Ivue hiyo pete uone. Kama ni kibanzi kimeruka ukingoni na pete inakifunika, mshushe bei uchukue. Kama ni ufa umeanza kuteremka chini, iache hapohapo, joto la balbu litaumalizia.