Ufaransa kwa baiskeli bila magari: Loire, mifereji ya kusini, au reli ya zamani ya Bourgogne?

Phoenix_wa_Shinyanga:
Wakuu habari za humu. Niko Uingereza na familia, kiangazi hiki tunataka kuvuka kwenda Ufaransa na baiskeli kama wiki hivi, vijijini huko, mwendo wa taratibu, tunakula mkate tunalala kambini. Shida ni kwamba mama watoto gari likimpita karibu anashuka kabisa anasimama pembeni, halafu dogo wa miaka minne atakuwa kwenye trela nyuma yangu. Kwa hiyo nataka njia ISIYO na magari, sio yenye "magari machache". Kila nikigugo naletewa njia ya mto Loire, Loire, Loire, wengine wananitajia Canal du Midi. Mwenye uzoefu anilinganishie, lami ikoje, milima ikoje, treni zikoje. Nawasilisha.

MamaNasra_Toulouse:
Karibu kaka. Kwanza angalia vibao, maana huku kuna vitu viwili na watu wanavichanganya. Voie verte ndiyo unayoitafuta wewe, ni ya miguu na baiskeli na wale wa viatu vya magurudumu, gari na pikipiki marufuku, na ipo kwenye sheria yao ya barabara tangu 2004. Véloroute ni safari ndefu iliyoungwaungwa, humo ndani utakuta vipande vya voie verte halafu ghafla uko kwenye barabara ya kijiji na trekta na gari la posta. Loire ni ya hiyo aina ya pili. Nzuri sana sibishi, ila kwa mama watoto uliyemwelezea hapo, mh.

Na hao wanaokutajia Canal du Midi mwambie mkeo awasamehe tu. Mfereji wenyewe ni wa karne ya 17, kilomita 240 kutoka Toulouse hadi karibu na Sète, uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1996, picha zake zinavutia. Lakini lami inakupeleka kilomita 50 hivi tu kutoka Toulouse, ukishapita Port-Lauragais unaanza kukutana na vipande vya kokoto, tope, na mizizi ya miplatani inayoinua ardhi, trela litarukaruka mpaka mtoto aseme. Na ile miti yenyewe ya kwenye picha, ilikuwa kama 42,000, tangu 2006 ina ugonjwa wa fangasi hauna dawa, wanaikata na kuichoma, kwa hiyo kuna sehemu utaendesha juani ukitafuta kivuli ulichokiona kwenye kalenda.

Mimi mtu akiniuliza Midi namgeuza baiskeli aangalie upande wa pili wa Toulouse. Canal de Garonne. Kilomita 193 hadi Castets-en-Dorthe, lami karibu yote, tambarare, kiasi kwamba kilima pekee utakachokijua ni pale kwenye malango ya maji yale ya kupandisha mashua, unapanda mita mbili tatu basi.

Fundi_Spoku:
Mnaionea Loire jamani. Kilomita 900, vibao kila kona huwezi kupotea hata ukitaka, kambi zipo, mafundi wa baiskeli wapo, nyumba za wageni zenye alama ya Accueil Vélo zinakupa sehemu ya kufungia baiskeli, na hizo barabara mnazozisema kwingine unapitwa na gari moja ukimaliza chupa ya maji. Halafu makasri. Umuambie mkeo ataona kasri ya Chambord au umuambie ataona mfereji?

Angalizo moja tu kwa Loire: upepo mara nyingi unatoka baharini, magharibi. Anzia kwenye bahari upande nayo kuelekea ndani, sio kinyume chake. Ukiwa na trela upepo wa uso ni adhabu.

BodaBusia:
@Fundi_Spoku gari moja ndilo lilelile litakalomshusha mama kwa baiskeli, kwani hujasoma swali? 😂

Mimi niko Lyon na nasema mkoa wa Bourgogne. Pale ndipo hizi voie verte zilianzia, ya kwanza Ufaransa ilifunguliwa 1997 kati ya Givry na Cluny, kama kilomita 44, juu ya reli ya zamani. Na uzuri wa reli ni huu, treni haikuweza kupanda mlima mkali kwa hiyo na wewe hutapanda, mwinuko unaujua tu kwa kuona umeongeza gia nyepesi bila kufikiria. Lami safi. Stesheni za zamani ziko pale pale, nyingine zimekuwa mikahawa, unapita Buxy kwenye mizabibu, Saint-Gengoux, kasri ya Cormatin (haya Fundi, na sisi tuna kasri), halafu Taizé kule juu kilimani, kijiji cha ile jumuiya ya watawa Wakristo. Wale waliokuwa Nairobi 2008 kwenye ule mkutano mkubwa wa vijana wa Taizé wanajua naongelea nini, nyimbo zile. Kutoka njiani ni kupanda kidogo tu, siku za kiangazi utakuta vijana wa kila taifa.

Ukipita Cluny kuna handaki la Bois Clair, kilomita moja na nusu na ushee, ndani baridi hata nje pakiwa joto kali, vaa sweta na mwambie dogo apige kelele asikie mwangwi. Msimu wa baridi wanalifunga kwa sababu popo wanalala humo, na njia ya juu ni mlima wa kweli, kwa hiyo angalia tarehe.

Ubaya? Ni fupi kwa wiki. Na reli iling'olewa, kwa hiyo ukichoka katikati hakuna treni ya kukuokoa, mpaka ufike Chalon au Mâcon.

MamaNasra_Toulouse:
Hapo kwenye treni umenisaidia hoja mdogo wangu. Kwangu reli ya Bordeaux hadi Toulouse inafuatana na mfereji karibu muda wote, Marmande, Agen, Moissac, Montauban, zote zina stesheni. Mtoto akipata homa au mvua ikikataa kukatika unapanda TER, treni za mkoa, na baiskeli zenu.

Na vya kuona vipo. Agen mfereji mzima unapita JUU ya mto Garonne kwenye daraja la mawe, mita 539, matao 23, wewe unaendesha pembeni ya mashua na mto uko chini yako. Montech kuna ajabu nyingine, 1974 walijenga mteremko wa maji, vichwa viwili vya treni vyenye matairi, kimoja kila upande, vinasukuma ukuta unaoswaga maji pamoja na mashua kupanda kama mita 13 ili zisipite malango matano. Haifanyi kazi tangu 2009 ila imebaki pale, dogo hutamtoa. Moissac msikose abasia, ua wake wa nguzo ni wa mwaka 1100, na mkija Septemba zile zabibu zao ndogo za chasselas zinauzwa.

Ndugu_Bukavu:
Niko Bruxelles. Mimi ningesema mfereji wa Nantes hadi Brest, kilomita 360 na zaidi kule Bretagne, utulivu mtupu, Napoleon ndiye aliamuru uchimbwe ili meli za Waingereza zisimzibie njia. Nyumba za walinda malango zina maua, na kasri ya Josselin inasimama moja kwa moja juu ya maji. Ila si lami, ni mchanga ulioshindiliwa, matairi membamba acheni nyumbani. Na mvua ya Bretagne haiombi ruhusa.

Phoenix_wa_Shinyanga:
Asanteni sana wakuu. Garonne imenikaa kichwani. Swali, kutoka Uingereza hadi Bordeaux na baiskeli mbili na trela naendaje?

Fundi_Spoku:
Ndio nilikuwa nasubiri ufike hapo. TGV, zile treni za kasi, baiskeli inalipiwa nafasi mapema na nafasi ni chache, trela usilitaje mpaka umelikunja. Rahisi kwako ni feri ya Newhaven kwenda Dieppe, kama masaa manne. Ukitoka bandarini kilomita chache za mji, ukifika Arques-la-Bataille unaingia reli ya zamani ya Paris, kama kilomita 45 hadi Forges-les-Eaux, lami, hakuna gari. Unaiona kasri ya Mesnières, unanunua jibini la umbo la moyo pale Neufchâtel-en-Bray. Baada ya Forges njia ya kwenda Paris inaingia barabarani na vilima vinaanza, hapo geuza. Nenda na kurudi polepole zinakutosha siku kadhaa.

Na kama mna pasi za Bongo, viza ya Schengen, ile ya Uingereza haikuvushi.

MamaNasra_Toulouse:
Kwa hilo Fundi yuko sahihi, Dieppe kwa kujipima. Ila ukitaka wiki nzima njooni bila baiskeli mkodi Bordeaux, na trela wanakodisha. Kutoka pale kuna njia ya Roger Lapébie, yule aliyeshinda mashindano ya Tour de France 1937, mwaka ambao walianza kuruhusu gia za kubadilisha. Nayo ni reli ya zamani, kama kilomita 55 hadi Sauveterre-de-Guyenne, halafu barabara ndogo hadi kwenye mfereji karibu na La Réole. Hicho kipande kina magari, sikufichi. Mama watoto na dogo wapande gari la kukodi, wewe endesha.

BodaBusia:
Pima upana wa trela kabla hujakodi. Njia inapokatiza barabara wameweka vyuma vya kuzuia magari, vingine unapita kwa kuzungusha, trela pana unalibeba mkononi kila mara.

Phoenix_wa_Shinyanga:
Na maji na chakula? Nasikia mchana wanafunga kila kitu.

MamaNasra_Toulouse:
Vijijini kuanzia saa sita hadi saa nane mchana duka limefungwa, Jumapili mchana na Jumatatu usitegemee. Nunua mkate asubuhi. Maji ingia makaburini, kila kijiji makaburi yao yana bomba kwa ajili ya maua, soma tu kama kuna kibao cha "non potable", kama kipo usinywe.

Phoenix_wa_Shinyanga:
Makaburini tena 😅 hilo nitamwambia tukishafika. Nimeandika Dieppe Juni, Garonne Septemba kama likizo itapatikana.

Fundi_Spoku:
Juni feri inajaa, kata tiketi za baiskeli sasa hivi.