Tupeane uzoefu: kuiandaa pikipiki ya mkanda kwa safari ndefu nje ya Uganda

Mwanzisha mada, Kampala

Ndugu wasafiri, nawasalimu nyote, na wakubwa wangu nawaamkia. Nimeifungua mada hii kwa ajili yetu sisi tunaoendesha pikipiki ambazo gurudumu lake la nyuma linazungushwa na mkanda wa meno badala ya cheni. Hapa kwetu, ambako karibu bodaboda zote ni za cheni, fundi wa kando ya barabara anaweza kuitoa pingili iliyokatika, akaunga na kukurudisha njiani muda si mrefu. Mkanda hauna pingili wala kiungo, na hata ukizunguka soko la Kisekka kutwa nzima si rahisi kuupata wa kipimo cha pikipiki yako. Kwa hiyo naona kazi kubwa ya safari yetu inafanyika nyumbani, kabla ya kuuona mpaka.

Nakusudia kupita Masaka na Mutukula, niingie Tanzania, niteremke hadi Tunduma, kisha nivuke Zambia hadi daraja la Kazungula, ambalo tangu 2021 limechukua nafasi ya kivuko cha kwenda Botswana. Pikipiki yangu ni Harley-Davidson kubwa ya safari. Naomba kila mmoja aeleze yale aliyoyafanya kwa mikono yake, au aliyoyasimamia yakifanyika.

Msafiri wa Mbarara

Ndugu yangu, umeianza mada mahali pake. Mimi huanza na kuuosha mkanda na puli zote mbili, yaani yale magurudumu ya meno unayozunguka juu yake, kwa maji ya sabuni na brashi laini, kwa sababu vumbi letu jekundu huziba kati ya meno na kuficha kila kitu. Hakuna grisi wala oili inayopakwa hapo. Wapo wanaoupaka mkanda oili unapolia, lakini mara nyingi mlio huo ni wa vumbi, na sabuni huumaliza. Mlio ukibaki baada ya kuosha, kagua kama gurudumu limekaa sawa, na usikubali dawa ya kopo.

Ukishakauka, inua gurudumu la nyuma, keti chini ukiwa na tochi, na ulizungushe polepole hadi umeupitia mkanda wote, nje na ndani. Nyufa nyembamba kama unywele zilizo ndani ya meno zinavumilika, mradi uziangalie mara kwa mara. Nyuzi zinazochungulia pembeni pia si habari ya kutisha. Ufa uliojitokeza nje kwenye shina la jino, au jino lililong'oka, ni amri ya kubadilisha mkanda. Tundu la jiwe linahitaji uamuzi: likiwa katikati ya upana wa mkanda, unaweza kuzunguka nalo mjini huku ukitafuta mwingine, ila kwa safari ya nchi nyingi mkanda huo haufai. Likiwa ukingoni, au ufa wake ukianza kuuelekea ukingo, mkanda hauna siku nyingi.

Watu wengi huishia kwenye mkanda wakazisahau puli. Pitisha kidole juu ya kila jino la puli. Ngozi ngumu ya juu ikiwa imebanduka na kuacha ncha kali, puli hiyo itautafuna mkanda mpya kama ilivyoutafuna wa zamani, na gharama yako itakuwa bure. Ndiyo maana mkanda na puli hushauriwa kubadilishwa pamoja. Ni ghali, nakiri, lakini huwezi kuiandaa pikipiki nusu nusu kisha uivushe mipaka mitatu.

Mwana wa Jinja

Mzee wa Mbarara amesema vema kuhusu ukaguzi. Mimi nataka kuzungumzia mkanda wa akiba, kwa kuwa ndipo nilipoona mambo ya kusikitisha.

Nilikuwa nimesimama gereji moja, ambayo sitaitaja, wakati fundi akimfungia mwenzetu vifaa vya safari. Mkanda mpya ulikuwa bado una karatasi yake. Akautoa, akaukunja mara mbili, akauminya kwa goti, akaufunga kwa waya wa kufungia nondo ili uingie kwenye kisanduku cha pembeni. Mwenzetu alikuwa tayari kulipa. Nilimwomba tuufungue, na pale penye kunjo tukaona mstari mweupe umepita upana wote wa mkanda. Nyuzi zilizo ndani, ziwe za aramidi au za kaboni, zina nguvu ya ajabu zikivutwa, lakini haziwezi kukunjwa kwa pembe kali. Zikivunjika hapo, kwa nje unaweza usione chochote, na mkanda utakatika siku utakapoubebesha mzigo mlimani.

Kwa hiyo mkanda wa akiba unaviringishwa kwa duara pana, lisilo dogo kuliko puli ndogo, bila kuupindua ndani nje na bila kuusokota. Mimi huulaza chini ya mfuko wa nguo, juu ya kiti cha abiria, ndani ya gunia jepesi linalouzuia usiguse petroli na oili.

Jambo la pili nitakalosisitiza ni kwamba mkanda mpya ufungwe nyumbani, na ule wa zamani, kama umepita ukaguzi wa mzee, ndio ubebwe kuwa akiba. Faida yake ni kwamba unaondoka ukijua kuwa mkanda mpya unaingia sawasawa, umeutembeza hadi Mbale na kurudi, na umeshaukaza baada ya kulegea kule kwa mwanzo.

Mwenyeji wa Fort Portal

Naheshimu maoni ya ndugu wa Jinja, lakini kwa upande huo sikubaliani naye kabisa. Mkanda wa zamani umeshakula kilomita zake. BMW F 800 ST, ambayo ndiyo ninayoiendesha, mtengenezaji anataka mkanda ubadilishwe kila kilomita 40,000, na mtu anayebeba akiba iliyokaribia kipimo hicho anabeba matumaini. Mimi hubeba mpya. Nakubali, hata hivyo, kwamba pikipiki yangu ina mkono wa nyuma, yaani ule unaoshika gurudumu la nyuma, wa upande mmoja, na mkanda hubadilishwa bila kuung'oa mkono huo, kwa hiyo kazi hiyo hainitishi njiani.

Mwanzisha mada, Kampala

Kaka wa Fort Portal, hapo umegusa tofauti kubwa. Kwenye Harley-Davidson za safari, mkanda umezungukwa: upande wa kushoto lazima ufungue kasha la klachi na mnyororo wake wa ndani, umwage oili yake, kisha uchomoe fimbo inayoushika mkono wa nyuma kwenye fremu ndipo mkanda upite. Mkanda wa akiba peke yake hautoshi. Nimeongeza gasketi za kasha hilo, oili yake, na soketi za vipimo vya inchi, ambazo katika gereji nyingi za ukanda wetu, zilizozoea pikipiki za Japani na India, hazipatikani.

Dada wa Entebbe

Shikamooni wakubwa. Mimi na mume wangu husafiri wawili kwa pikipiki moja pamoja na mizigo, na naona hakuna aliyegusa uzito.

Mkanda huvutika na kulegea kadiri mkono wa nyuma unavyopanda na kushuka, kwa sababu puli ya mbele haiko mahali pamoja na bawaba ya mkono huo. Baadhi ya pikipiki za Buell ziliwekewa puli ndogo ya tatu ili mvutano usibadilike, lakini nyingi hazina. Ukiukaza mkanda kupita kiasi ukidhani unaandaa pikipiki kwa mzigo, unazipa beringi za gurudumu na za giaboksi mateso ambayo yatajitokeza mbali na nyumbani. Ukiulegeza mno, meno yanaweza kuruka unapoongeza mwendo. Sisi tunapima pikipiki ikiwa baridi, gurudumu likiwa limezungushwa hadi pale mkanda unapokaza zaidi, kwa kipimo cha springi kinachousukuma mkanda katikati kwa nguvu ya kilo 4.5 hivi, kisha tunasoma umeshuka kiasi gani na kulinganisha na kitabu cha pikipiki. Kitabu ndicho kinachosema upimwe ukiwa na mzigo au bila mzigo, kwa maana kila modeli ina yake. Baada ya hapo tunazikaza shokapu za nyuma kwa ajili ya uzito wa watu wawili, ili mkono wa nyuma usishinde umezama.

Kuhusu mawe: adui wa mkanda ni kokoto inayorushwa na tairi ikaingia kati ya mkanda na puli. Upande wa Kagera tulielekezwa kwenye njia ya mchepuko ya changarawe mpya, na mwenzetu aliyekuwa mbele, ambaye kikinga chake cha chini cha mkanda kilikuwa kimeondolewa kwa ajili ya urembo, alisikia mlio mmoja mkavu. Tuliposimama tulikuta tundu linaloweza kupitisha ncha ya kalamu, karibu na ukingo. Alirudi Masaka taratibu sana, na safari yake ikaishia pale. Kwa hiyo ombi langu kwako, kaka: rudisha vikinga vyote, cha juu na cha chini, na kwenye changarawe punguza mwendo na uwaachie malori nafasi kubwa. Kila jioni muosheni mkanda huo kabla hamjaenda kuoga.

Mkazi wa Tororo

Kwa ufupi kuhusu karatasi, kwa sababu nakaa karibu na Malaba na ninaona watu wanavyokwama. Kadi ya pikipiki iwe kwa jina lako. Kama si yako, beba barua ya mwenye mali. Bima ya kadi ya njano ya COMESA ikatwe hapa nyumbani na uhakikishe nchi zote za njia yako zimeorodheshwa, Tanzania ikiwamo. Botswana haimo, kwa hiyo bima ya huko utaikata mpakani. Cheti cha homa ya manjano kikae pamoja na pasipoti. Mkipita Katuna kwenda Rwanda, kumbukeni kwamba wao huendesha kulia.

Msafiri wa Mbarara

Naongeza moja kwa mwanzisha mada, nikiunga mkono aliyoyasema dada wa Entebbe. Ukishakaza mkanda, pima umbali kutoka kwenye bawaba ya mkono wa nyuma hadi katikati ya ekseli, kushoto na kulia. Vipimo vikitofautiana, mkanda utakimbilia upande mmoja na kusaga ukingo wake. Nati ya ekseli ikazwe kwa spana ya kupimia nguvu, halafu mkanda upimwe tena, maana kule kukaza nati mara nyingi huusogeza. Siku ya kwanza usiende mbali: lala Bukoba, na asubuhi, injini ikiwa bado baridi, rudia vipimo vyote kabla hujalipa hoteli. Kama kuna kilichosogea, Masaka bado iko karibu.