Je, neno la Kislavi la "mfalme" limetokana na jina la mtu mmoja?

Mwanafunzi, Mbeya
Ndugu wanajukwaa, nimesoma kwamba neno *korljь, yaani mfalme katika Kislavi mame (lugha ya kale iliyozaa Kirusi, Kipolandi, Kicheki na nyinginezo), lilitokana na Karl, jina la Karolo Mkuu, mfalme wa Wafaranki wa Ulaya Magharibi, aliyefariki mwaka 814. Kinyota naelewa: neno halimo katika maandishi, bali limeundwa upya na wanaisimu. Kinachonitatiza ni umri wake. Lugha mame tunaidhania kuwa ya kale mno. Inawezekanaje iwe na neno lililotoka kwa mtu ambaye mwaka wa kifo chake unajulikana?

Mwalimu, Iringa
Tuanzie nyumbani. Wanyakyusa husema umundu na ikindu pale Kiswahili kinaposema mtu na kitu, na sisi Wahehe husema munu. Kwa kuwa tofauti hizo hujirudia kwa utaratibu, tunaweza kuufikia mzizi wa kale *-ntu. Sasa tazama neno la zamani la Kislavi *gordъ, ngome: Kirusi gorod, Kipolandi gród, Kicheki hrad. Neno la mfalme limepita njia ile ile hatua kwa hatua, likawa korol', król na král. Lingeingia baada ya mabadiliko hayo kukamilika, lisingeyafuata kwa uaminifu namna hiyo. Kwa hiyo Karolo hapingi hoja, bali ndiye anayeipa tarehe: kufikia mwanzo wa karne ya 9 lahaja za Kislavi zilikuwa bado zimekaribiana kiasi cha kupokea neno moja na kulibadilisha kila moja kwa kanuni zake. Ni nadra sana lugha isiyoandikwa kutuachia ushahidi ulio wazi hivi.

Msomaji, Tukuyu
Mwalimu, nakubali kuhusu sauti, lakini karl lilikuwa pia neno la kawaida la Kijerumani cha kale kwa mwanamume huru. Kwa nini tusianzie hapo?

Mwalimu, Iringa
Kwa sababu ya maana, ndugu yangu. Kutoka mwanamume huru hadi mfalme ni mbali, ilhali Karolo aliwapiga Waavari, watu waliotawala sehemu ya Ulaya ya Kati, kuanzia mwaka 791 na kutawala mipaka iliyokaliwa na Waslavi, ambao walimjua vema. Jina la mtawala kugeuka cheo si jambo geni: Kaisari wa Biblia zetu lilikuwa jina la Julius Caesar, na ndilo lililowapa Warusi tsar. Király ya Kihungaria na karalius ya Kilituania zilitoka baadaye kwa Waslavi wenyewe.